Mawe ya Nyongo Yanaporudi: Barua Itangulie Kisu

Mgonjwa aliyewahi kupasuliwa kifuko cha nyongo huwa na yakini moja: ugonjwa ule umekwisha. Aliambiwa kifuko kimetolewa na mawe yake yakatolewa nacho, na pengine alionyeshwa mawe yenyewe katika kichupa. Ndiyo maana, baada ya miezi au miaka, anapopatwa tena na maumivu chini ya mbavu za kulia, homa ya kutetemeka na macho ya manjano, hushangaa kwanza, kisha huingiwa na hofu. Swali lake la kwanza halihusu ugonjwa. Huuliza: je, nitafunguliwa tumbo tena?

Makala haya yanajibu swali hilo kwa kuwa na msimamo. Kwa wagonjwa wengi wa namna hii, kufungua tumbo mara ya pili kunapaswa kuwa njia ya mwisho kufikiriwa. Zipo njia za kulitoa jiwe kupitia kinywani, kupitia tundu lililoachwa na mpira wa upasuaji wa awali, kupitia ini, au kupitia matundu madogo ya tumbo. Lakini kwa mtu anayeishi Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, habari ya kuwapo kwa njia hizo katika miji mikubwa haimsaidii peke yake. Kinachomsaidia ni mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa hospitali yoyote: barua inayoeleza alichofanyiwa mara ya kwanza, matibabu sahihi ya saa 24 za mwanzo, na rufaa yenye mwelekeo. Katika hayo matatu, barua ndiyo nafuu kuliko yote, nayo ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Kwa nini mawe hurudi

Nyongo hutengenezwa na ini. Hushuka kwa mirija midogo inayokutana na kuwa mrija mmoja mkuu, ambao huimimina katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, karibu na kongosho. Kifuko cha nyongo ni ghala lililo kando ya mrija huo. Ghala likiondolewa, mrija unabaki, na nyongo inaendelea kupita humo kila siku ya maisha ya mtu. Kwa hiyo kuondolewa kwa kifuko hakumaanishi kwamba jiwe haliwezi tena kupatikana katika njia ya nyongo.

Mawe yanayoonekana baadaye ni ya namna mbili. Yapo yaliyobaki: yalikuwa tayari yameshuka kwenye mrija siku ya upasuaji, na hayakuonekana. Miongoni mwa watu wanaougua kwa sababu ya mawe ya kifuko, takribani 10 hadi 20 katika kila 100 huwa na jiwe kwenye mrija mkuu pia, na si kila chumba cha upasuaji kina uwezo wa kupiga picha ya mrija wakati mgonjwa angali mezani. Namna ya pili ni yaliyozaliwa upya. Kwa desturi, madaktari huyahesabu kuwa mapya yanapojitokeza zaidi ya miaka miwili baada ya upasuaji.

Mawe mapya huzaliwa pale nyongo inapotuama au inapoingiwa na vijidudu. Mrija ulioachwa na kovu jembamba hutuamisha nyongo nyuma ya kovu. Uzi usioyeyuka au kibanio cha chuma kilichopenya ndani ya mrija huweza kuwa kiini ambacho chumvi za nyongo hukizunguka mpaka kikawa jiwe. Hata mnyoo mkubwa wa tumboni, ukipanda kwenye mrija na kufia humo, unaweza kuwa kiini cha jiwe. Aidha, mwenye selimundu huharibikiwa na chembe nyekundu za damu maisha yake yote, na rangi inayotokana na uharibifu huo huendelea kumiminwa katika nyongo na kutengeneza mawe meusi. Tanzania hukadiriwa kupata takribani watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa kuwa wengi zaidi wao sasa wanafikia utu uzima, tutarajie kuwaona wengi zaidi wakiwa na mawe ya nyongo, na baadhi yao wakirudi baada ya kupasuliwa.

Kwa nini kisu cha pili si sawa na cha kwanza

Upasuaji wa nyongo una historia ndefu na ya kuheshimiwa. Carl Langenbuch alitoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Ludwig Courvoisier wa Basel aliufungua mrija mkuu na kutoa jiwe mwaka 1890. Kwa takribani karne nzima baada yao, kisu ndicho kilichokuwa tegemeo la kila mgonjwa wa mawe ya nyongo, kiliokoa watu wengi, na kinaendelea kuwaokoa. Anayepinga kufungua tumbo ovyo hana haja ya kuwadharau wapasuaji hao.

Tatizo liko katika marudio. Tumbo likishafunguliwa, viungo vyake hunatana. Utumbo hushikamana na ini, mafuta ya tumbo huziba uwazi uliokuwapo chini ya ini, na mpaka kati ya mrija wa nyongo, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini na ateri yake hupotea ndani ya kovu. Mpasuaji anayeingia mara ya pili hutumia muda mrefu akitafuta njia kabla hajaufikia mrija. Katika kutafuta huko, utumbo unaweza kutobolewa, mshipa unaweza kukatwa, na mrija wenyewe unaweza kujeruhiwa. Kama mgonjwa ameingia mezani akiwa na homa, manjano na damu isiyoganda vizuri, hatari hizo huongezeka.

Wahenga walisema mwiba hutokea ulikoingilia. Lakini jiwe la nyongo halikuingia kwa kisu, wala halilazimiki kutokea kwa kisu. Mrija una mlango wake wa asili unaofunguka kwenye utumbo, na mara nyingi mlango huo ndio wa kubishwa kwanza.

Njia nne, na sharti moja

Njia ya kwanza hupitia kinywani. Mwaka 1974, wataalamu wa Ujerumani na wa Japani, kila kundi kwa upande wake, walieleza jinsi ya kuukata kidogo mlango wa mrija wa nyongo kwa kifaa kilichopitishwa ndani ya mpira wa endoskopia. Mgonjwa hulazwa, hupewa dawa ya usingizi, mpira hushushwa hadi kwenye utumbo mwembamba, dawa inayoonekana kwa eksirei huingizwa kwenye mrija, kisha jiwe huvutwa kwa puto dogo au kikapu cha waya. Tiba hii hujulikana kwa kifupi chake, ERCP. Haiachi kovu tumboni, na mshikamano wa viungo hauizuii. Hata hivyo si mchezo. Kati ya watu 3 na 10 katika kila 100 hupata uvimbe wa kongosho baada yake, na wachache huvuja damu au hutobolewa utumbo. Kwa hiyo isitumike kama kipimo cha kubahatisha. Itumike pale ambapo jiwe limethibitika au linashukiwa kwa sababu nzito.

Njia ya pili hupitia kwenye tundu la mpira. Mpasuaji anapoufungua mrija mkuu, wakati mwingine huacha mpira wa umbo la herufi T, kichwa chake kikiwa ndani ya mrija na mkia wake ukitokea kwenye ngozi. Mpira huo ukikaa kwa majuma manne hadi sita, mwili hujenga ukuta imara kuuzunguka. Kama picha inaonyesha jiwe lililobaki, mpira hutolewa na kikapu kidogo hupitishwa katika njia ileile hadi kulinasa. Joachim Burhenne, aliyeieneza mbinu hii, alitoa taarifa mwaka 1980 kuhusu wagonjwa 661, na takribani 95 katika kila 100 walifanikiwa kutolewa mawe bila kupasuliwa tena. Tuitafakari takwimu hiyo. Mpira ambao mgonjwa anauona kuwa kero, na ambao muuguzi anaombwa kila siku autoe, unaweza kuwa ndio ufunguo wa kumwepusha na kisu cha pili. Ukitolewa mapema, au ukitolewa kabla mrija haujapigwa picha, ufunguo huo umetupwa.

Njia ya tatu hupitia kwenye ini. Sindano nyembamba huongozwa kwa ultrasaundi na eksirei kupitia ngozi na ini hadi kwenye mrija uliotanuka. Nyongo hutolewa nje kwanza ili homa ishuke, kisha baada ya siku au majuma njia hiyo hupanuliwa na jiwe husukumwa kuingia kwenye utumbo au huvunjwa. Njia hii ndiyo kimbilio la mgonjwa ambaye endoskopia haiwezi kuufikia mrija wake. Kwa Tanzania, mwaka 2018 wataalamu wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walianza kujenga huduma za radiolojia tiba, na utoaji wa nyongo kupitia ini ulikuwa miongoni mwa huduma za mwanzo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kuwasomesha Watanzania fani hiyo. Jambo hilo ni kubwa, kwa sababu mtaalamu anayesomeshwa nchini huja kuwa mwalimu wa wengine, wakati mgeni wa majuma mawili hurudi kwao na ujuzi wake.

Njia ya nne ni upasuaji wa matundu madogo. Tangu Erich Mühe wa Ujerumani alipotoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, mbinu imekua kiasi kwamba katika vituo vyenye uzoefu mkubwa mrija mkuu huweza kufunguliwa na kusafishwa kwa kamera, hata kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa. Lakini mshikamano wa viungo unabaki palepale. Mikono inayoifanya kazi hii kwa usalama ni ile inayoifanya mara kwa mara.

Njia zote nne zina sharti moja: lazima ijulikane alichofanya mpasuaji wa kwanza. Tuwafikirie wagonjwa wawili wenye makovu yanayofanana kabisa chini ya mbavu za kulia. Wa kwanza, mrija wake uliunganishwa moja kwa moja na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Kwake endoskopia ya kawaida inaweza kulifikia ungio kwa urahisi. Wa pili, utumbo wake ulikatwa, kipande kikapandishwa hadi kwenye mrija, na sehemu iliyobaki ikaunganishwa chini kwa umbo la herufi Y. Kwake mpira wa kawaida wa endoskopia unaweza kuzunguka katika utumbo mrefu bila kuufikia mrija. Anayefaa kumpokea ni mtaalamu wa radiolojia tiba, au kituo chenye endoskopia ndefu ya pekee. Ngozi haisemi lolote kuhusu tofauti hiyo. Taarifa ya upasuaji ndiyo inayosema.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni maisha ya mtu. Nchini kwetu mgonjwa hupasuliwa mkoa mmoja, huhamia mkoa mwingine kwa kilimo au kazi, na huugua tena katika wa tatu. Faili lake hubaki kwenye kabati la hospitali ya kwanza. Anachobeba ni karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa maneno mawili: amepasuliwa nyongo. Kwa mtaalamu wa rufaa, maneno hayo ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumba kwa kumwambia ina mlango.

Barua ninayoitetea haizidi ukurasa mmoja. Itaje tarehe na sababu ya upasuaji. Iseme kama kifuko kilitolewa chote au sehemu yake iliachwa, kwa kuwa kisiki kilichobaki kinaweza kuzaa mawe. Iseme kama mrija mkuu ulifunguliwa, ulisafishwa na ulipigwa picha, na picha ilionyesha nini. Kama mrija uliunganishwa na utumbo, iseme ni utumbo upi na kwa namna gani. Itaje aina ya nyuzi au vibanio vilivyotumika. Kama kuna mpira, itaje siku ulipowekwa na siku unayoweza kutolewa. Mwisho, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, iwe na mchoro. Mistari sita ya kalamu inayoonyesha ini, mrija, utumbo na maungio yake hueleweka kwa daktari yeyote, kwa lugha yoyote, hata karatasi ikiwa imekunjwa mfukoni kwa miaka kumi.

Huenda mtu akasema kwamba mifumo ya kompyuta itamaliza shida hii. Na iwe hivyo. Lakini mfumo wa hospitali moja hauzungumzi na wa nyingine kila mahali, na umeme hukatika. Karatasi iliyo mikononi mwa mgonjwa, pamoja na picha yake katika simu ya mwanawe, haimsubiri fundi.

Saa 24 za Kilimatinde

Kilimatinde ina hospitali ya Kanisa Anglikana, Hospitali ya Mtakatifu Yohana, na kuzunguka eneo hilo zipo zahanati na vituo vya afya ambako mgonjwa huanzia. Msimamo wangu ni kwamba hatima ya mgonjwa wa jiwe lililorudi huamuliwa zaidi katika milango hiyo ya mwanzo kuliko katika chumba cha endoskopia cha mbali.

Jambo la kwanza ni kulitambua. Daktari Jean-Martin Charcot wa Ufaransa alizitaja mwaka 1877 dalili tatu zinazoandamana: maumivu, homa ya kutetemeka na manjano. Zikiungana kwa mtu mwenye kovu la upasuaji wa nyongo, tuamini kwamba mrija umeziba na umeingiwa na vijidudu mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini majibu yake yasifunge mjadala, kwani mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na jiwe kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi manjano hutafutwa kwenye weupe wa jicho, mchana, karibu na dirisha. Aulizwe kuhusu mkojo wenye rangi ya chai nzito, choo kilichopauka, na kuwashwa mwili usiku. Ultrasaundi, hata ya kawaida, hueleza kama mirija ya ndani ya ini imetanuka. Isipoliona jiwe lenyewe, hilo halithibitishi kwamba halipo, maana sehemu ya chini ya mrija mara nyingi hufichwa na hewa ya utumbo.

Jambo la pili ni kutibu kabla ya kusafirisha. Nyongo iliyoziba na kuingiwa na vijidudu huweza kuua kwa siku chache, wakati mwingine kwa saa. Mgonjwa apimwe shinikizo la damu, mapigo, pumzi na fahamu, na apewe maji ya mshipa. Dawa ya antibiotiki ianze mapema kwa kufuata mwongozo wa taifa. Seftriaksoni hupatikana katika hospitali nyingi, na metronidazoli huongezwa hasa kama mrija uliwahi kuunganishwa na utumbo. Aliyeshuka shinikizo la damu apate dozi ya kwanza ndani ya saa moja. Asisubirishwe mpaka gari lipatikane. Mwenye manjano ya muda mrefu apewe sindano ya vitamini K, kwa kuwa nyongo isipofika kwenye utumbo mwili hushindwa kuifyonza vitamini hiyo na damu huchelewa kuganda. Kiasi cha mkojo kiandikwe, kwani figo hutangulia kulalamika.

Jambo la tatu ni kuamua upesi. Aliyetulia baada ya dawa anaweza kusafiri kwa mpango ndani ya siku chache. Asiyetulia anahitaji nyongo yake itolewe ndani ya siku moja, na hapo saa zinahesabiwa.

Rufaa yenye mwelekeo

Kilimatinde si mahali palipotengwa na dunia. Tangu enzi za Wajerumani, walioweka hapo kituo chao cha utawala katika Ugogo, njia za mashariki na magharibi zimepita karibu: reli ya kati chini yake, upande wa Saranda, na leo barabara ya lami kati ya Dodoma, Manyoni na Singida. Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 na ambayo mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imefupisha safari kwa mgonjwa aliyetulia.

Lakini barabara nzuri inaweza kumfikisha mtu mahali pasipo sahihi. Mashine kuwapo si sawa na mtaalamu kuwapo, na mtaalamu kuwapo si sawa na vifaa vyake kuwapo: kikapu cha waya, puto, waya mwongozo, stenti. Kwa hiyo rufaa ya mgonjwa huyu ianze kwa simu. Daktari wa Kilimatinde amweleze mwenzake wa juu yaliyomo kwenye barua ya upasuaji, aulize nani anaweza kumfikia mgonjwa huyu kwa njia gani na siku gani, ndipo aandike jina la kituo. Mgonjwa anayepelekwa kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, hulipa nauli tatu, ndugu zake hulala nje kwenye mikeka mara tatu, na homa haimngojei.

Hapa linaingia suala la fedha. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, uliokatiwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, ulikuwa na kikomo chake katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na tiba ninazozieleza ziko juu ya ngazi hiyo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Rai yangu kwa wanaopanga mafao yake ni hii: wasiziite tiba hizi anasa. Wahesabu gharama ya upasuaji wa pili, majuma wodini, damu ya kuongezwa na shamba lililokaa bila mkulima msimu mzima, kisha walinganishe na kikapu cha waya.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza husema: chumba cha upasuaji kipo karibu na endoskopia iko mbali, kwa hiyo tufungue. Hoja hii ina uzito pale ambapo mgonjwa anazidiwa na hakuna anayeweza kumfikia kwa njia nyingine. Hapo mpasuaji aingie. Lakini afanye kidogo iwezekanavyo: afungue mrija, atoe nyongo iliyooza, aache mpira, atoke. Jiwe linaweza kungoja majuma sita na kutolewa kupitia tundu la mpira huohuo. Kazi ndefu ya kurekebisha mrija usiku wa manane, kwa mgonjwa aliyeshuka shinikizo la damu, ndiyo niipingayo.

Ya pili husema: basi kila hospitali ya wilaya inunuliwe mashine. Siiungi mkono. Mkono unaofanya tiba hii mara chache kwa mwaka haupati wepesi, na mashine isiyotumika huharibika. Ni afadhali vituo vichache vifanye wagonjwa wengi, na hospitali nyingi ziwe stadi wa kuwatambua, kuwatuliza na kuwaelekeza.

Ya tatu hutoka kwa wagonjwa wenyewe: kwa nini tusitumie dawa ya kuyeyusha mawe? Jiwe lililoziba mrija na kuleta homa haliyeyushwi kwa kidonge wala kwa mitishamba. Wale wauzao mafuta ya zeituni na maji ya limao kwa ahadi ya kusafisha ini huwaonyesha watu vidonge laini vya kijani chooni na kuviita mawe. Vilipopimwa maabara, vilionekana kuwa mafuta yaleyale yaliyogandishwa kama sabuni ndani ya utumbo. Madhara yake makubwa ni siku zinazopotea.

Kwa mgonjwa, na kwa mwalimu

Ndugu uliyepasuliwa nyongo, usitoke wodini bila barua yako. Ombeni mchoro, wewe na anayekuuguza. Si utovu wa adabu kuuliza daktari: mrija wangu ulifunguliwa? Umeunganishwa na nini? Barua hiyo ihifadhi pamoja na kitambulisho chako, na nakala yake mwachie mtu wa nyumbani. Ukiwa na mpira, usikubali utolewe mahali pasipo na taarifa yako. Homa ya kutetemeka na macho ya manjano zikikujia, hata baada ya miaka kumi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na jambo la kwanza utakalosema liwe kwamba uliwahi kupasuliwa nyongo.

Nanyi mnaofundisha wapasuaji, mtihani wa upasuaji wa nyongo usiishie kwenye ngozi iliyoshonwa. Mwanafunzi aliyemaliza kushona aulizwe barua yake iko wapi, na asiyechora asipewe alama. Fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na yenye nafasi ya mchoro, haihitaji bajeti ya mfadhili. Ikipitishwa na vyuo vyetu na kuanza kutumika wodini, tabibu wa Kilimatinde ataweza kuisoma usiku, akajua ampigie nani simu, na mgonjwa wake akapelekwa moja kwa moja kwa mtu anayeweza kumsaidia.